Uvimbe wa binti yangu ulimini ulikatwa ukatupwa bila kupimwa. Someni kabla hamjakubali kukatwa kitu mdomoni

MwalimuLurambi (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kakamega, mama wa watoto watatu. Naomba mnivumilie niandike kirefu. Nilipokuwa nikihangaika kutafuta habari hizi usiku, mtoto amelala, sikupata kwa Kiswahili hata ukurasa mmoja wa kunisaidia.

Binti yangu wa pili sasa yuko kidato cha pili. Alipokuwa darasa la saba aliniambia, "Mama, kuna kitu ulimini." Nikamsimamisha mlangoni penye mwanga, akatoa ulimi. Upande wa kushoto, karibu na ncha, kulikuwa na kinundu cha ukubwa wa punje ya hindi, rangi ile ile ya ulimi, laini juu, bila kidonda. Hakikuuma. Nikikigusa kilikuwa kigumu kiasi na kiliteleza chini ya kidole. Nikamwambia asukutue kwa maji ya chumvi, nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Kilikua polepole mno, kiasi kwamba mtu anayemwona kila siku hawezi kugundua. Muhula hadi muhula kikafika ukubwa wa harage, akawa anakiuma anapotafuna githeri. Nikampeleka kliniki moja ya kibinafsi, jina silitaji. Wakasema ni mfuko wa mate ulioziba. Antibiotiki mara mbili. Mara ya tatu wakamdunga ganzi, wakakata.

Nilikuwa nimesimama pale pale nimemshika mkono. Nilikiona kile kipande juu ya shashi, cheupe chenye umanjano kidogo kama mafuta ya kuku. Hakikutoa ute wowote. Nikauliza, "Hiki kinapelekwa wapi?" Akanijibu, "Hiyo ni nyama tu, mama." Akakikunja kwenye shashi, akakanyaga kile chuma cha chini cha ndoo, kifuniko kikafunguka, kikaingia.

Mwaka na nusu baadaye kilirudi mahali pale pale, na safari hii kikapita ukubwa wa kwanza. Matamshi yake yakaanza kubadilika. Huyu ni mtoto ambaye alikuwa akighani mashairi kwenye tamasha za shule, na sasa "r" na "l" zikawa zinamkwama. Akaacha kunyanyua mkono darasani. Mimi mwalimu, najua mtoto anayejificha nikimwona.

Nikaogopa saratani. Ukanda wetu huu wa magharibi unajulikana kwa saratani ya umio, kila kijiji kina mtu aliyezikwa kwa ajili yake, kwa hiyo kitu chochote kinachoota kati ya midomo na tumbo kinatutia baridi. Nikachukua mkopo mdogo wa chama, tukapanda matatu hadi Kisumu kwa daktari wa upasuaji wa mdomo na taya.

Alianza na maswali. Kilianza lini? Kinakua kwa kasi gani? Kinauma, kinachoma, au kuna ganzi? Alipapasa shingo yote pande mbili akitafuta tezi. Akamwomba akunje mikono ya sweta, akaangalia ngozi. Akauliza kama kuna mtu kwenye ukoo mwenye vinundu vingi mwilini. Akaingiza sindano nyembamba akavuta, haikutoka damu wala maji, akasema basi si mfuko wa ute na si mishipa ya damu iliyofura. Kisha akauliza swali ambalo hadi leo linanirudia nikiwa nasahihisha madaftari: "Kipande cha kwanza, maabara ilisema ni nini?"

Sikuwa na jibu.

Akachukua kipande kidogo tu. Baada ya wiki mbili jibu likaja: shwanoma. Uvimbe usio wa saratani, unaotokana na seli zinazofunika neva. Nitaendelea nikipata nafasi, sasa kengele imelia.

WaDunga

Pole sana mwalimu. Mimi ni mvuvi hapa Dunga. Nina uvimbe ndani ya shavu la kulia, miaka mitatu sasa, hauumi. Alhamisi ijayo nimeambiwa niende ukatwe. Sasa umenitia wasiwasi. Huyo mtu wa kunikata hakunitajia mambo ya maabara. Nimwulize nini bila kumkosea heshima?

NyumbaYaMoiRoad

Mwalimu, huo uvimbe ulirudi kwa sababu ulikatwa! Mama yangu alikuwa akisema uvimbe usiguswe na chuma, ukiguswa unakasirika. Tungeuachia Mungu na mitishamba.

Jino_Nakuru

Habari zenu. Mimi ni daktari wa meno, nafanya kazi Nakuru. Sitamwambia mtu yeyote hapa ana ugonjwa gani kwa sababu sijamtia kidole mdomoni, lakini naweza kueleza namna mambo yanavyokwenda.

Ndugu wa Moi Road, nakuheshimu na namheshimu mama. Uvimbe huu haukurudi kwa sababu ya chuma. Ulirudi kwa sababu sehemu yake iliachwa ndani. Shwanoma ikitolewa yote pamoja na ganda lake, kurudi ni nadra sana, na kugeuka kuwa saratani ni nadra zaidi. Aliyekata akidhani ni mfuko wa mate alikata kimo cha mfuko wa mate. Asingeweza kujua kama amemaliza, maana hakujua alikuwa akikata kitu gani.

Nieleze neva kidogo. Neva ni kama waya wa stima. Ndani kuna uzi unaopeleka ujumbe, nje kuna plastiki. Ile plastiki hutengenezwa na seli zinazoitwa seli za Schwann, kwa jina la Mjerumani Theodor Schwann aliyezieleza miaka ya mwisho ya 1830. Seli hizo zikianza kuzaana kupita kiasi mahali pamoja, unapata kinundu. Mwaka 1910 daktari aitwaye Verocay alieleza uvimbe huu na kuonyesha kwamba chanzo chake ni huko kwenye ala ya neva. Kati ya robo na karibu nusu ya shwanoma zote hutokea kichwani na shingoni, ila za ndani ya mdomo ni kama 1 tu kati ya 100. Mdomoni, mahali zinapopenda zaidi ni ulimi. Ndiyo maana wengi wetu tunaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nayo, na ndiyo maana wengi huiita jina la kitu kingine.

WaDunga, mwulize hivi: "Daktari, baada ya kukata, kipande kitapelekwa maabara gani na majibu nichukue lini?" Hujamkosea mtu. Daktari mzuri atafurahi umeuliza.

MwalimuLurambi

Nimerudi. Asante daktari, umesema ile ya waya vizuri.

Naomba nieleze lile jibu la maabara, kwa sababu karatasi ilikuwa imejaa maneno na nilimwomba daktari wa Kisumu anifafanulie. Alikuwa mvumilivu. Alifungua simu yake, akanionyesha picha ya kipande kama kile chini ya hadubini, rangi ya waridi na zambarau. Akaniuliza, "Unaona nini?" Nikamwambia naona paredi ya Jumatatu asubuhi. Kweli kabisa. Vile viini vya seli vimejipanga mistari miwili inayotazamana, na katikati ni uwanja mtupu usio na mtu. Akacheka kwa furaha, akasema mistari hiyo na uwanja wake vina jina la yule yule Verocay. Sehemu zilizojipanga kwa kubanana hivyo huitwa Antoni A. Pembeni palikuwa na sehemu nyingine ambapo seli zimetawanyika ovyo, nafasi kubwa kati yao, kama watoto wakati wa mapumziko. Hiyo ni Antoni B. Jina ni la daktari wa Sweden aliyezitofautisha mwaka 1920. Kisha kuna rangi maalumu ya kingamwili inayoitwa S-100. Seli zinazotokana na Schwann huinywa rangi hiyo kwa wingi, na kipande cha binti yangu kiliinywa karibu chote.

Sijui ni kwa nini picha ile ilinituliza. Labda kwa sababu kwa mara ya kwanza kitu kile kilikuwa na sura na jina.

Sukari_Mumias

Mama, hongera kwa kupambania mtoto. Swali: kwa nini hakuutoa wote siku ile ile? Kwa nini kukata mara mbili?

Jino_Nakuru

Swali zuri. Uvimbe mdogo, tuseme usiozidi sentimita moja, ulio juu na unaoonekana mtulivu, mara nyingi tunautoa wote mara moja na kuupeleka wote maabara. Ukiwa mkubwa, au umekaa mahali penye neva na mishipa muhimu, au uliwahi kukatwa na hujui kilichobaki, unachukua kipande kwanza. Ukijua jina ndipo unajua ukate kwa upana gani. Shwanoma inatolewa ikiwa peke yake bila kumega nyama nzima kuizunguka. Saratani ya ulimi unaikata pamoja na ukingo mpana wa nyama nzima, na pengine tezi za shingo pia. Kukosea upande wowote ni hasara: utamwachia mtu saratani, au utamkata msichana nusu ya ulimi bure.

Kwa uvimbe wa ndani zaidi, sakafu ya mdomo au chini ya taya, tunaomba picha ya MRI ili kuona umeegemea nini. Ukiwa ndani ya mfupa wa taya la chini, picha ya eksirei inayozunguka meno yote inaweza kuonyesha mfereji wa neva umepanuka. Ultrasaundi husaidia kwa ulimi na shavu. Ile sindano ya kufyonza inatofautisha maji, damu na nyama, lakini kwa uvimbe wa neva mara nyingi inatoa seli chache mno za kumpa mtu uhakika. Hakuna picha inayoshinda kipande chini ya hadubini.

Nyanya_wa_Njoro

Watoto wangu, mimi ni bibi wa miaka 68. Niling'olewa gego dogo la chini miaka mingi iliyopita. Baadaye nikawekewa meno ya bandia. Sasa pale chini, yale meno yanapokaa, kuna kijipu kidogo kama mbegu ya pilipili. Nikiuma kitu napigwa kama stima hadi kwenye mdomo wa chini. Hiki nacho ni hicho cha Schwann?

Jino_Nakuru

Shikamoo nyanya. Hapo unapopaeleza, upande wa chini karibu na magego madogo, ndipo neva ya kidevu hutokea kwenye mfupa kupitia tundu lake. Neva ikikatwa au kupondwa, mathalani wakati wa kung'oa jino, hujaribu kuota tena kuelekea ilikokuwa ikienda. Ikikutana na kovu, zile nyuzi hujikunja na kufanya fundo. Tunaliita nyuroma ya jeraha. Si uvimbe wa kweli kama ule wa binti wa mwalimu, ni neva iliyopotea njia. Nyingi haziumi, lakini zile zinazoumia huumia hivyo ulivyosema, hasa meno ya bandia yakikanyaga.

Sisemi ndicho ulicho nacho. Nenda na meno yako uyavae mbele ya daktari. Wakati mwingine kuyachonga tu yasiguse pale kunatuliza. Ikibidi, fundo hutolewa pamoja na kipande kidogo cha neva iliyolizaa, na, nyanya, lipelekwe maabara.

Nyanya_wa_Njoro

Marahaba mwanangu. Nitaenda Jumatatu, mjukuu atanipeleka.

AbungoBoy

Mimi yangu ni tofauti. Mjomba wangu alikuwa na kinundu katikati juu ya ulimi. Wakachukua kipande, karatasi ikaandikwa saratani ya ulimi. Familia ikauza ng'ombe wawili. Tulipofika kwenye hospitali kubwa ya rufaa wakaomba vile vioo vya maabara, wakavisoma upya, wakasema si saratani, ni "uvimbe wa seli zenye chembechembe". Tulilia kwa furaha, lakini mpaka leo sielewi jinsi mtu anaweza kuchanganya mambo hayo mawili. Ng'ombe hawakurudi.

Jino_Nakuru

AbungoBoy, asante kwa kuandika. Hili ni la kujifunza sote, na mimi nimo.

Uvimbe huo ulielezwa na Mrusi Abrikossoff mwaka 1926. Kwanza alidhani unatokana na misuli, leo tunajua unatokana na zile zile seli za Schwann, na huinywa rangi ya S-100 vilevile. Unapenda sana mgongo wa ulimi. Ujanja wake ni huu: ngozi ya ulimi iliyoufunika mara nyingi hunenepa na kuteremsha vidole ndani, na vidole hivyo vikitazamwa peke yake vinafanana mno na saratani inayoanza kuvamia. Kama aliyechukua kipande alikwangua juu juu tu, msomaji wa hadubini anaona vidole bila kuona zile seli za chembechembe zilizo chini yake. Anaandika saratani kwa nia njema kabisa. Kipande cha ulimi kinatakiwa kiende chini vya kutosha, na fomu ieleze mahali, muda, na jinsi uvimbe ulivyoonekana. Fomu ikiandikwa "nyama ya ulimi" basi, unamfunga macho mwenzako wa maabara.

Nyama iliyopimwa hugandishwa kwenye nta, na vile vipande vya nta huhifadhiwa kwa miaka. Mgonjwa ana haki ya kuomba visomwe mara ya pili mahali pengine. Familia yenu ilifanya vyema kwenda mbele.

MwalimuLurambi

Ng'ombe wawili. Pole sana ndugu yangu.

Niseme kuhusu chupa, maana watu wa kwetu wengi ndio hubeba kipande wenyewe kwa matatu hadi maabara. Yule daktari wa Kisumu alinionyesha kila hatua, nafikiri aliona nimeumia na ile ya ndoo. Chupa ilikuwa ya mdomo mpana. Ndani fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ya asilimia 10, nyingi, akasema iwe angalau mara kumi ya ukubwa wa nyama. Si maji ya chumvi, si spiriti, si maji ya bomba, na isiwekwe kwenye friza. Nyama ikiwekwa kwenye maji inaoza polepole, na barafu inapasua seli. Akaandika jina la mtoto, tarehe na "ulimi, kushoto" kwenye ubavu wa chupa. Nikamwuliza mbona si kwenye kifuniko, kuna nafasi kubwa. Akasema vifuniko hubadilishana mezani, chupa hazibadilishani na kilichomo ndani yake.

Kile kipande kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Nilikitazama kikizama hadi chini. Pesa niliyolipa maabara haikufika hata nusu ya karo ya muhula mmoja.

MamaKoinange_Bondo

Madam, naandika nikiwa na woga. Mtoto wangu wa kiume ana miaka tisa. Ulimi wake upande mmoja ni mnene tangu akiwa mdogo, na ndani ya shavu pako kama kamba zimesokotana ukipapasa. Mwilini ana madoa ya rangi ya kahawa ya maziwa, nimeyahesabu yanapita kumi. Upande wa baba yake wanasema ni chira, kwamba kuna mwiko nilivunja wakati wa matanga. Nimechoka.

Jino_Nakuru

Dada, soma hii taratibu, na kama inafaa umsomee na baba yake.

Kuna hali ya kurithi inaitwa NF1. Mjerumani von Recklinghausen aliieleza mwaka 1882. Inatokana na hitilafu kwenye jeni iliyo katika kromosomu ya 17, na humpata takriban mtu 1 kati ya 3,000, kila kabila, kila bara. Karibu nusu ya wenye hali hii hawana mzazi aliye nayo. Hitilafu ilianza kwao wenyewe. Hakuna matanga wala mwiko unaogusa kromosomu.

Kigezo kimojawapo tunachotumia ni madoa sita au zaidi ya rangi hiyo, kila moja likizidi milimita 5 kwa mtoto ambaye hajabalehe, na milimita 15 kwa aliyebalehe. Tunaangalia pia vidoadoa makwapani, na daktari wa macho hutafuta vinundu vidogo kwenye duara la rangi la jicho. Doa peke yake halitoshi kusema mtu anayo, ndiyo maana aonwe na daktari wa watoto.

Uvimbe wa hali hii huitwa nyurofibroma. Tofauti yake na ule wa binti wa mwalimu ni kubwa chumbani mwa upasuaji. Shwanoma ina ganda, neva imesukumwa kando. Nyurofibroma haina ganda, seli zake zimechanganyika na nyuzi za neva yenyewe. Ikiwa moja na ndogo, inatolewa bila shida kubwa. Ile ya kusokotana kama kamba ni ngumu kuitoa yote bila kuharibu neva na kutoa damu nyingi, kwa hiyo hatuikimbilii kwa kisu. Tunaitazama, tunapiga MRI, tunapunguza pale inapozuia kula, kupumua au kusema. Tangu mwaka 2020 Marekani imeidhinisha dawa ya kumeza, selumetinibu, kwa watoto wenye aina hii isiyoweza kukatwa.

Lazima nikuambie na hili, si kukutisha. Kwa wenye NF1, nyurofibroma ya aina hiyo inaweza kugeuka kuwa saratani ya neva. Katika maisha yote humpata kama 1 kati ya 10 wa wenye hali hii. Dalili ni kukua ghafla, maumivu yasiyokoma hata usiku, kuwa ngumu, au ganzi mpya. Ukiona mojawapo, usingoje siku ya kliniki.

Kutoka Bondo, hospitali ya Jaramogi pale Kisumu, ile wazee bado wanaiita Russia, ndiyo karibu. Eldoret nako kuna hospitali ya rufaa ya Moi, na chuo kikuu cha Moi kina shule ya meno hapo hapo.

MamaKoinange_Bondo

Nimesoma mara tatu. Nusu hawana mzazi aliye nayo. Nitamsomea baba yake leo jioni akitoka shamba. Asante daktari. Asante madam kwa kufungua huu uzi.

MwalimuLurambi

Dada, niandikie pembeni ukienda Kisumu. Nina ndugu Nyalenda, mnaweza kulala huko, asubuhi mfike mapema.

COHO_Busia

Mimi ni afisa wa afya ya kinywa, naunga mkono yote, ila naomba kuongeza neno kwa wazazi wa huku ziwani. Tunazungumza habari ya uvimbe wa polepole, miezi na miaka. Kuna uvimbe wa taya kwa watoto ambao hukua kwa siku. Leo jino linalegea bila kuoza, wiki ijayo shavu limejaa, jicho linasukumwa. Hiyo inaweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani iliyopewa jina la daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliyeieleza akifanya kazi Uganda mwaka 1958. Inapatikana zaidi kwenye ukanda wa malaria nyingi kama wetu. Hutibiwa kwa dawa, si kwa kukatwa, na inaitikia dawa vizuri ikiwahiwa. Tafadhali msing'oe meno hayo yaliyolegea mkangoja. Mtoto apelekwe hospitali ya rufaa wiki hiyo hiyo.

Na jingine fupi. Ukiona mtoto ana vijinundu vingi vidogo kwenye ncha na kingo za ulimi, midomo minene, mwili mwembamba mrefu, usivikate ukamwacha aende. Vinaweza kuwa alama ya hali ya kurithi inayoitwa MEN 2B, na hiyo huja na saratani ya tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, mapema sana maishani. Hapo ulimi ndio unaookoa shingo.

Sukari_Mumias

Mwalimu hujamaliza. Operesheni ilikwendaje?

MwalimuLurambi

Kweli, sijamaliza.

Alilazwa Jumanne, akapewa dawa ya usingizi. Mimi nilikaa nje kwenye benchi na mama mmoja wa Ahero aliyekuwa akisubiri mwanawe mwenye taya lililovunjika kwa ajali ya bodaboda. Tuligawana ndizi.

Daktari alitoka baada ya muda ambao mimi niliuona mrefu, ingawa saa ilisema dakika arobaini. Akasema alipasua ngozi ya ulimi kwa urefu, akafika kwenye ganda, na kutoka hapo hakukata tena, alisukuma kwa chombo butu. Sehemu moja palikuwa na kovu la ule mkato wa kwanza, hapo ndipo alipopata kazi. Kwingine kote ulichomoka kama kokwa la parachichi lililoiva. Akanionyesha ukiwa ndani ya chupa. Mviringo, wa manjano, unang'aa, wote. Chupa ina jina ubavuni.

Aliniambia kwamba kwenye ulimi mara nyingi neva yenyewe uliyotokea huwa nyembamba mno hata haionekani. Alitafuta na hakuiona. Kwa hiyo alituonya kwamba huenda ncha ikafa ganzi kwa muda, na ladha ikapungua upande huo.

Siku nne uji na maziwa lala. Nyuzi zilikuwa za kuyeyuka, moja aliimeza, akaogopa, tukacheka. Ganzi ilikuwepo. Alikuwa akijiuma bila kujua, nikimwona damu kwenye jino nashtuka. Wiki ya sita akaniambia anahisi wadudu wanatembea kwenye ncha. Nilimpigia daktari, akafurahi, akasema neva inaamka. Mwezi wa tatu akasema chai imerudi kuwa na sukari pande zote mbili.

Jibu la pili la maabara lilisema vilevile: shwanoma, ganda zima. Tunarudi kila baada ya miezi sita mwaka huu wa kwanza, kisha mara moja kwa mwaka. Ana kovu jembamba jeupe, ukimwomba atoe ulimi anakuonyesha kwa fahari.

Ile kliniki ya kwanza nilirudi. Sikwenda kugombana. Nilibeba nakala ya jibu la maabara, nikamkuta yule yule, nikamwekea mezani. Alisoma kimya. Akaniuliza, "Hii chupa ya fomalini inauzwa wapi?" Nikamwambia. Akaandika kwenye kiganja kwa kalamu.

NyumbaYaMoiRoad

Mwalimu, nilisema kwa haraka pale mwanzo. Samahani. Nimemtumia dada yangu wa Naivasha uzi huu, ana kitu mdomoni tangu azae.

WaDunga

Wadau, leo ni Alhamisi. Nilimwuliza kama daktari alivyosema, maneno yale yale. Akasema hapo hawana fomalini, nikitaka nilete. Nilikuwa nimeshanunua jana Oginga Odinga Street, ilikuwa ndani ya mfuko wa koti. Alishangaa kidogo, akaichukua.

Uvimbe umetoka, mdogo kuliko nilivyodhani, una rangi kama samaki aliyechemshwa. Mkono wake ulikuwa na glavu yenye damu, kwa hiyo akaniomba niandike mwenyewe. Nimeandika jina langu, tarehe, na "shavu, kulia". Ubavuni, si kwenye kifuniko. Niko kwenye matatu sasa hivi, nimeishika kwa mikono miwili, naipeleka.